Mbwa Akishazeeka: Haki ya Mnyama Tuliyemruhusu Mlangoni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Makala haya yanahusu mbwa, na najua kuna ambao wamekwisha kukunja uso. Siwalaumu. Mimi nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura, na kwetu mtoto hufundishwa kumkwepa mbwa kabla hajajua kusoma Alif. Ukiguswa na pua yake ukiwa njiani kwenda msikitini, unarudi nyumbani. Lakini kuna jambo limetokea katika ukoo wetu ambalo limenifanya nifungue vitabu mara mbili, na mara ya pili nililionea haya jibu nililolitoa mara ya kwanza.

Swali la kwanza

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni baba mdogo aliponipigia simu. Alikuwa amehamia Kinindo, na ndani ya miezi michache wezi walikuwa wameruka ukuta mara mbili. Mara ya pili walimpiga zamu wake hadi akalazwa. Jirani yake, mgeni kutoka Ulaya aliyekuwa anamaliza mkataba wa kazi, alikuwa na mbwa dume wa aina ya Boxer, umri wa miaka mitano, na alikuwa anamtafutia mtu wa kumwachia. Hakutaka hata faranga moja. Watoto wa baba mdogo walikwisha kumpa jina, Simba. Mama mdogo hakutaka hata kusikia.

"Wewe ndiye tuliyekupeleka kusoma dini," baba mdogo aliniambia. "Inafaa au haifai?"

Nilijisikia mkubwa siku ile. Nilimjibu kwa dakika kumi, na kila nilichosema kilikuwa na asili katika vitabu. Nilimwambia kwamba Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu zake kila siku kwa kiasi cha qirati moja, na katika riwaya nyingine qirati mbili, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo au wa kulinda shamba. Qirati si kitu kidogo: katika hadithi ya kuswalia jeneza imefananishwa na mlima Uhud. Nilimweleza pia hadithi ya malaika wasioingia nyumba yenye mbwa. Kisha nikamweleza kwamba Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba inajuzu kufuga mbwa wa kulinda nyumba na njia, kwa kuwapima na wale watatu waliotajwa.

Nikaendelea na twahara. Sisi tulio wengi wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwake mbwa mzima ni najisi, mate, jasho na manyoya yakiwa na unyevu. Chombo alichotia mdomo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wahanafi wanaona najisi iko kwenye mate. Wamaliki wanaona mbwa aliye hai ni twahara, na kuosha chombo mara saba ni ibada tunayoitii bila kuwa ni kwa ajili ya najisi. Hoja yao mojawapo ni aya ya 4 ya Suratul Maida, inayohalalisha kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa. Hata suala la bei nililigusa: kuna hadithi sahihi inayokataza thamani ya mbwa, na kwa Mashafi uuzaji wake haufai, ingawa Wahanafi wanauruhusu. Kwa kuwa huyu alikuwa anatolewa bure, nilisema, mlango huo umefungwa.

Nilimaliza kwa masharti: asiingie sebuleni wala vyumbani, ajengewe kibanda karibu na geti, awe na sufuria yake, na nguo za swala zitunzwe mbali naye. Mama mdogo akaridhika. Simba akahamia.

Nilichosahau kuuliza

Likizo ya mwisho wa mwaka nilikwenda Kinindo kusalimia. Ilikuwa saa saba mchana, jua la kando ya ziwa Tanganyika mnalijua wenyewe. Simba alikuwa amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya geti, ulimi nje, anapumua kwa sauti kama mtu mwenye pumu. Kibanda chake kilikuwa cha mabati matupu. Sufuria yake ilikuwa pale, safi, imetiwa alama ya rangi nyekundu isichanganyike na vyombo vya jikoni. Haikuwa na maji.

Hakuna aliyekuwa amemfanyia ubaya kwa makusudi. Walifuata kila neno nililosema. Tatizo ni kwamba maneno yangu yote yalihusu sisi: vyombo vyetu, nguo zetu, swala zetu, thawabu zetu. Sikuuliza huyo mbwa ni wa namna gani na anahitaji nini. Nilijadili najisi yake nikaacha haki yake.

Baadaye ndipo niliposoma. Boxer ni mbwa wa Kijerumani. Alizalishwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuchanganya mbwa wa zamani wa mawindo aliyeitwa Bullenbeisser na mbwa wa Kiingereza aina ya Bulldog, na chama cha kwanza cha wafugaji wake kiliundwa mjini Munich katikati ya miaka ya 1890. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Ujerumani lilimtumia kupeleka ujumbe na kulinda. Ni mbwa mwenye kilo 30 hivi, misuli mingi, anayehitaji kukimbia kila siku. Anajulikana kwa kupenda watoto, na huchelewa kuacha utoto. Akiwa na miaka mitatu bado anaruka kama kijibwa.

Lakini pua yake ni fupi. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na mwenye pua iliyobanwa hahemi vizuri. Joto ambalo mbwa wetu wa mitaani analistahimili chini ya mwembe linaweza kumuua Boxer aliyefungwa juani. Aina hii pia inasumbuliwa sana na maradhi ya moyo na uvimbe wa saratani, na wengi hawavuki miaka kumi au kumi na miwili. Haya yote yangejulikana kwa kuuliza daktari wa mifugo swali moja kabla ya kumchukua.

Tunaijua sote hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tunaisimulia madrasa tangu tukiwa wadogo. Tazameni kosa lake lilivyoelezwa: alimfungia, hakumlisha, na hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Ubaya ulikuwa katika kumnyima mnyama njia yake mwenyewe ya kuishi kisha kutompa badala yake. Mnyororo wa Simba ulikuwa umefanya nusu ya kwanza. Sufuria tupu ilifanya nusu ya pili. Na mwenye fatwa ya mnyororo ule, kwa namna fulani, nilikuwa mimi.

Siku ile tulifungua mnyororo. Baba mdogo akaita fundi, kibanda kikahamishiwa chini ya mwembe na kuezekwa nyasi juu ya bati. Simba akawa anafungiwa mchana kwenye uwa wa nyuma wenye kivuli, na usiku anaachiwa azunguke. Chanjo ya kichaa cha mbwa ikawekwa kwenye kalenda, maana hiyo hurudiwa, na ni amana kwa watoto wa mtaa kabla ya kuwa amana kwa mbwa.

Masikio yaliyokatwa

Kuna jambo jingine niliona siku ile. Masikio ya Simba yalikuwa yamesimama kama pembe na mkia wake ulikuwa kibutu. Nilidhani ameumbwa hivyo. Kumbe Boxer huzaliwa na masikio yanayoanguka na mkia mrefu. Hukatwa akiwa mdogo ili apendeze au atishe. Ujerumani, nchi alikotoka, imepiga marufuku kukata masikio tangu 1987 na mkia tangu 1998. Kwingine bado wanakata.

Sisi tungepaswa kuwa wa kwanza kukataa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, kukata masikio ya wanyama kunatajwa miongoni mwa mambo ambayo shetani ameahidi kuwaamrisha watu, pamoja na kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Wafasiri wanaeleza kwamba aya inahusu mifugo iliyokatwa masikio kwa ajili ya masanamu, kwa hiyo sitaki kuibebesha zaidi ya uzito wake. Lakini iko hadithi katika Bukhari, kutoka kwa Ibn Umar, ya laana kwa anayemkatakata mnyama, na hiyo haihitaji masanamu. Simba alikwisha kukatwa kabla hajatufikia, na hatukuwa na la kufanya. Anayekwenda kuchagua kijibwa leo analo la kufanya: akatae kijibwa kinachokatwa kwa ajili ya mteja, kwa sababu mteja ndiye yeye.

Neno "mlinzi"

Nikiri jambo moja. Simba alikuwa mlinzi, wezi hawakurudi, lakini hakuwa mlinzi peke yake. Watoto walitoka shule wakaenda kwake kabla ya kwenda jikoni. Mdogo wao, ambaye alikuwa anagugumia maneno na kuchekwa mtaani, alimsomea Simba sura fupi kutoka upande wa pili wa uzio, kwa sababu Simba hakucheka. Baba mdogo naye, mtu mkavu, nilimsikia usiku akizungumza naye getini.

Je, tulikuwa tumemwita mlinzi ili kupata ruhusa, huku moyoni tukitaka rafiki? Swali hili lilinisumbua, kwa sababu matendo hulipwa kwa nia na hila za maneno hazimdanganyi Mwenyezi Mungu. Nimefikia hapa: nia ya kumchukua ilikuwa ulinzi kweli, na mapenzi yalikuja baadaye. Mapenzi kwa kiumbe unayemlisha si dhambi. Suratul Kahf inamtaja mbwa wa wale vijana amenyoosha miguu yake mlangoni, na anahesabiwa pamoja nao idadi inapojadiliwa. Alikuwa mlangoni, si ndani ya shimo lao la kulala, na alikuwa wao. Mipaka na upole vimekaa pamoja katika aya hizo.

Lakini anayetaka mbwa kwa fahari tu, apige naye picha, kisha aandike "mlinzi" ili moyo utulie, huyo ajihukumu mwenyewe. Wapo wanazuoni kama Ibn Abdil Barr waliosema kufuga bila haja ni makuruhu na si haramu. Hata kwa kauli hiyo nyepesi, kupoteza thawabu kila siku kwa ajili ya fahari ni biashara mbaya.

Swali la pili

Mwaka huu simu iliita tena. Simba ana miaka minane. Miguu ya nyuma imelegea, akisimama anatetemeka, na anayo vimbe mbili ubavuni. Mwezi uliopita mtu aliruka ukuta akachukua baiskeli, na Simba hakuamka.

Jirani mmoja akamshauri baba mdogo atie sumu ya panya kwenye nyama. Mwingine akasema ampakie garini amshushe barabara ya Rumonge, mbele kabisa, asiweze kurudi. Na mzee mmoja wa ukoo wetu, mtu ninayemheshimu na aliyenifundisha Juzuu Amma, akasema neno zito zaidi: mbwa huyu aliruhusiwa kwa sababu ya ulinzi, sasa halindi, basi ruhusa imekwisha na qirati zimeanza kuhesabiwa.

Ndugu zangu, hoja ya mzee si ya kupuuzwa. Ni kanuni tunayoifundishwa darasani: hukumu huzunguka pamoja na sababu yake, ikiwepo ipo, ikiondoka inaondoka. Kama mtu angeniuliza leo, "Je, nichukue mbwa mzee asiyeweza kulinda?" ningetumia kanuni hiyo hiyo kumwambia asimchukue.

Safari hii sikujibu kwa dakika kumi. Niliomba wiki moja.

Nilichokikuta ni kwamba mzee alikuwa anajibu swali la kumchukua mbwa, na baba mdogo alikuwa anauliza swali la kumtunza aliyekwisha kuchukuliwa. Haya ni maswali mawili. Hadithi ya qirati inazungumzia kufuga na sababu yake. Matunzo ya mnyama aliye mikononi mwako yana mlango wake. Izzuddin ibn Abdissalam, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu, na miongoni mwake ni kwamba mwenye mnyama amhudumie hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Yaani manufaa yanaweza kuwa sababu ya kuanza, lakini si kipimo cha kuendelea kulisha. Punda aliyevunjika mgongo kwa mizigo yako hawezi kuambiwa kwamba mkataba umekwisha.

Tuseme tumeshikilia kauli kali kabisa, kwamba lazima atoke mikononi mwa baba mdogo. Atatoka vipi? Kwa sumu ya panya? Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tufanye wema hata katika kuua, na sumu ile humtoa mnyama damu ndani kwa siku kadhaa. Tena amri ya kuua mbwa iliyokuwepo Madina ilifuatiwa na katazo. Anayeuawa ni mwenye kudhuru, na Simba hamdhuru mtu. Kwa kumtupa barabarani? Huko ni kumnyima chakula bila kumpa uwezo wa kukitafuta, kwa miguu isiyobeba mwili. Tumerudi kwa yule mwanamke na paka wake. Njia safi ya kumtoa ni moja tu: kumkabidhi kwa mtu atakayemtunza vizuri kuliko wewe. Mtu huyo akikosekana, sioni namna ambayo mtu anaweza kukimbia upungufu wa thawabu kwa kuingia kwenye dhuluma. Anayeogopa kupoteza qirati asiende kuchuma dhambi.

Kuna hadithi nyingine ambayo nadhani inamaliza kazi. Mtu alimwona mbwa mwenye kiu akilamba udongo, akashuka kisimani, akajaza maji kiatuni, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama kuna malipo kwa ajili ya wanyama, waliambiwa kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kuna malipo. Mbwa yule hakuwa wa kuwinda, wala wa kuchunga, wala wa shamba. Hakuna aliyeuliza anafanya kazi gani.

Nilimpelekea baba mdogo haya yote, nikamwambia wazi kwamba mimi ni mwanafunzi, si mufti, na aende akamsikilize shehe wa msikiti wake pia. Nilimwambia kwamba kama daktari wa mifugo atasema Simba ana maumivu yasiyotulizika, kumpumzisha kwa njia isiyo na mateso ni suala ambalo wanazuoni wa leo wanalijadili na alipeleke kwao. Asiamue mwenyewe kwa sababu amechoka.

Nilirudi kwa mzee pia, kwa adabu, nikamweleza tofauti niliyoiona. Alinyamaza muda mrefu. Hakusema nimepatia. Alisema, "Basi mwambie amlaze mahali pasiponyesha."

Kabla hujamchukua

Wengi wetu tutamaliza chuo, tutajenga, na wezi hawataisha. Baadhi yetu tutafikiria mbwa. Ninachoomba ni kwamba swali la "inafaa?" lisiulizwe peke yake. Jiulize una haja ya kweli au una hamu. Jiulize kama mbwa wa kienyeji, anayelijua jua letu, hatakulinda vizuri kuliko Boxer wa Munich anayekosa pumzi saa saba mchana. Jiulize nani atamtoa akimbie kila siku, nani atalipa chanjo na dawa ya kupe, maji yake yatajazwa na nani siku ya safari. Waambie wa nyumbani mipaka ya twahara mapema, ili mbwa asije akalipa kwa kipigo kosa la mtoto aliyemfungulia mlango wa sebule. Na mhesabu na siku atakapozeeka, kwa sababu ruhusa unayoiomba leo ina miaka kumi ndani yake.

Baba mdogo ameajiri zamu wa pili. Nilimpigia wiki iliyopita baada ya Alfajiri, na nilisikia maji yakimiminwa kwenye sufuria. Nilimuuliza kuhusu qirati. Akasema, "Hiyo nitamwomba Mola wangu anisamehe. Nyingine siwezi kumwomba." Sikuwa na la kuongeza.

Nikipatia, ni kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu. Nikikosea, ni kwangu na kwa shetani, na ninawakaribisha ndugu zangu wanirekebishe katika toleo lijalo.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.